Paka Aliyekula Chakula cha Mgonjwa

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo, na sitaanza leo kwa sababu tu umelala kule mchangani kando ya baba.

Nakuandikia nikiwa na hasira, ni vizuri nikuambie mapema. Paka wako amekutaja. Wale usipa, dagaa wa kwetu ziwani, niliokuwa nakuchemshia bila chumvi, tangu nilipokuleta huku milimani Maguu mpaka asubuhi ulipoanguka, hukuwa unawala wewe. Alikuwa anawala paka huyo huyo, Padri. Wewe ulikuwa unakula ugali kwa chumvi, mlango umeurudisha, na mimi mwanao niko jikoni nafurahia sahani tupu.

Kwa hiyo nina swali moja. Ulikuwa unataka kufa, Mama, au ulikuwa unataka chumvi tu?

Ngoja nikusimulie, maana uliondoka bila kuacha nafasi ya kuulizwa kitu. Kiharusi kilikushika ukiwa unafunga kanga, mdomo ukaenda upande, na maneno yako ya mwisho hakuna aliyeyaelewa vizuri. Mimi nilisikia kama unasema "samaki". Pale msibani nilimwambia kila aliyekuja kunishika mkono kwamba mama yangu alikufa akilikumbuka ziwa. Watu walilia sana kwa maneno yale. Siku hizi nikiyakumbuka naona aibu, kwa sababu sijui tena ulikuwa unakumbuka nini.

Tulikuteremsha kwenu kama ulivyoagiza. Wakwe zangu walijaza lori, Wakatoliki watupu, wakafika ufukweni wakaimba nyimbo zenu za Kianglikana kwa kubabaisha, kila mtu na ubeti wake. Wajomba walichimba, mchanga ukawa unaporomoka, wakachimba tena. Padri naye nilimteremsha, ndani ya tenga, nikitaka nimwache huko kwenye samaki wake. Unakumbuka jinsi mkweo Benedikto alivyonuna siku ya kwanza ulipomwita paka jina hilo mbele yake, eti kwa sababu ya ule weupe shingoni. Basi shangazi alipomfokea pale uani, "Padri, toka hapo," padri wenu wa kweli aliinuka kwenye kiti chake. Hata mimi nilicheka, na wewe ukiwa bado ndani ya sanduku. Nafikiri ungecheka kuliko wote.

Hakuna aliyetaka kubaki naye. Nyumba yako imefungwa, kwa shangazi kuna mbwa, na wengine walisema paka wa marehemu ana mambo yake. Nikarudi naye. Alilia njia nzima ya kupanda milima, na watu ndani ya lori walikuwa wamechoka kulia, wakamwachia yeye kazi hiyo.

Hapa nyumbani akakataa kula. Nilimpa ugali na mchuzi wa maharage, chakula cha paka wote wa Maguu. Alinusa, akakung'uta mguu kama aliyekanyaga maji, akaondoka. Nikampa ugali na usipa wetu wa kukaanga, wenye nyanya na kitunguu na chumvi ya kutosha. Alilamba mara moja akaacha. Nikampa maziwa, hayo aliyanywa, halafu akaharisha ghalani juu ya magunia ya mahindi mpaka Benedikto akatishia kumpeleka porini. Akaanza kukonda. Mgongo wake ukaonekana mfupa kwa mfupa, na manyoya yakawa yamesimama ovyo.

Majirani walisema paka anaomboleza. Niliwaamini, Mama. Nilimwona kuwa mwenzangu. Mimi niliyekuwa namfukuza karibu na vyungu nilianza kumpakata pale mekoni, nikimsemesha habari zako, na nilijiambia kwamba katika nyumba hii yenye watu wa milimani, ni yeye na mimi tu tunaojua tumepoteza nini. Benedikto ana imani ya kwao, kwamba paka halishwi. Paka akishiba hashiki panya, afungiwe ghalani, njaa itamfundisha kazi. Lakini mwaka huu panya wamezidi, majirani wote wameweka sumu kwenye mahindi, na kila ukipita unaona panya amelala njiani akitweta. Nilijua Padri akimla mmoja wa hao tutamfukia siku hiyo hiyo. Sikutaka kufukia kitu kingine chako.

Ndipo bwana mifugo alipokuja kuchanja mbwa. Ni kijana wa Mbinga mjini, ana miwani, anaongea polepole. Nikambeba Padri ndani ya tenga mpaka ofisi ya kata, nikapita katikati ya wanawake wanaotoka kuchuma kahawa, wakaniuliza kama nampeleka kliniki ya watoto akapimwe uzito. Niliwajibu kwamba ndiyo, na kadi yake ninayo. Bwana mifugo hakucheka. Alimfungua mdomo, akapapasa mgongo, akavuta ngozi ya shingo. Akasema amekonda sasa, lakini hakukulia kwenye shida, meno yake ni safi na chini ya hayo manyoya yaliyosimama kuna mwili uliokuwa unatunzwa. Aliniuliza alikuwa anakula nini. Nikasema makombo, kama paka yeyote. Akatikisa kichwa. "Huyu si paka wa makombo, mama," aliniambia. "Huyu alikuwa anapikiwa."

Nilisema hapana, hakuna mtu nyumbani kwangu anayempikia paka. Nilisema kwa ukali kidogo, unanijua.

Akanieleza kwa subira namna ya kumlisha. Alisema paka ni mla nyama, ugali unamjaza tumbo lakini haumjengi mwili, na ukimpa kidogo uwe wa kuchanganyia tu. Maziwa mengi yanawaharisha paka wakishakua, asipewe, apewe maji safi yanayobadilishwa kila siku. Samaki achemshwe bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu kabisa maana kitunguu kinaharibu damu yake, na miiba itolewe. Usipa peke yao kila siku nao si vizuri, achanganyiwe na yai la kuchemsha, nyama ya kuku isiyo na mifupa, ini kidogo mara moja moja kwa sababu likizidi linamdhuru. Apewe kidogo asubuhi na kidogo jioni, asilundikiwe. Na ile habari ya kumshindisha njaa ili awinde aliikataa, akasema paka mwenye nguvu ndiye anayeshika panya, mwenye njaa anakula chochote alichokikuta kimekufa.

Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, kwamba maneno haya nimeshayasikia. Nilipofika kwenye kona ya kushukia kwetu nikakumbuka. Ni maneno ya nesi. Samaki wa kuchemsha, mama, usimwekee chumvi hata punje, usimwekee mafuta, kidogo kidogo, na maji ya kutosha. Aliyasema ukiwa umekaa pembeni yangu na kile kitambaa cha kupimia presha bado kiko mkononi mwako, na wewe ukaangalia dirishani kama anayesemwa ni mtu mwingine.

Nilikwenda moja kwa moja kuloweka usipa. Nikawatoa vichwa, nikawachemsha kwenye ile sufuria yako ndogo ambayo sikuwa nimeigusa tangu msiba. Maji yalipoanza kutokota Padri akatokea, na hakuja jikoni. Alipita barazani akaenda chumbani kwako, akaingia chini ya kitanda upande wa ukutani, akakaa. Nilimwita akakataa kutoka. Nikainama na kuangalia. Sikuwa nimefagia chini ya kile kitanda, Mama, sikuweza, nilifagia mpaka mbele ya kitanda nikaishia hapo. Kule ndani kulikuwa na kifuniko cha ndoo ya rangi, kimelambwa mpaka kinang'aa, na pembeni yake mikia ya usipa imekauka na kunata sakafuni. Mingi. Tabaka juu ya tabaka.

Nikamwekea usipa kwenye kile kifuniko. Alikula wote bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, shavu langu karibu liguse sakafu, na nikawa naelewa jambo moja baada ya jingine.

Kitunguu. Ulisema kinakupa kiungulia, nisikiweke. Wewe, uliyekula vitunguu maisha yako yote, uliyekuwa unatafuna kibichi na muhogo wa kuchoma. Nilikubali, nikasema uzee. Miiba nayo. Ulisema meno yako yamelegea, kwa hiyo niwachambue samaki wakubwa mpaka wabaki nyama tupu, nami nikawa nakaa pale juani na miwani ya Benedikto nikitoa mwiba mmoja mmoja. Halafu siku ile uliponiomba niwe nachanganya na yai, nilifurahi sana, nikamwambia Benedikto mama ameanza kupata hamu ya kula. Mama, nilikuwa mpishi wa paka. Sijui ulikuwa umejifunzia wapi anavyopaswa kula, lakini ulimlisha kama bwana mifugo alivyosema, tena kabla yake.

Na ukapata nafasi kwa sababu ya adabu zetu. Kwetu ziwani mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume, na hapa Maguu nao wana heshima zao. Benedikto hakuwahi hata kuvuka kizingiti chako. Alikuwa anachuchumaa nje, anasema shikamoo mama, anauliza umeamkaje, anaondoka. Festo yuko shule ya bweni, angekuwa hapa angekula na bibi yake na mambo yangejulikana mapema. Mimi nilikuwa nakuletea sahani, ninakaa kitandani nikusindikize, na kila mara ulinifukuza. "Nenda kakae na mumeo, mwanaume hali peke yake kama mgeni." Niliona mama yangu ana hekima. Ningeambiwa nieleze mwanamke mwenye heshima ni nani, ningekutaja wewe, na saa hiyo hiyo uko chumbani unamtupia paka chakula changu cha dawa.

Ile chumvi nayo niliiona kwa macho yangu nisiijue. Akina mama waliokuosha walinipa kanga yako, pindo lake lina fundo. Nikadhani ni sadaka ya Jumapili. Nikafungua, nikakuta chumvi imelowa na kuwa bonge. Shangazi akasema wazee wengi wanatembea na chumvi ya kusukutulia meno, na mimi nikaridhika. Kikulacho ki nguoni mwako, tunawaambia watoto, na nguo zenyewe nilikuwa nazifua mimi.

Kinachoniumiza zaidi ni nesi. Kila tulipokwenda presha ilikuwa juu, na kila mara aliniuliza kama unakula chumvi. Nilimwapia. Nilimwambia mama yangu hali chumvi hata punje, labda mashine yako mbovu. Ulikuwa umekaa pale, ukanisikia ninavyoapa, ukakunja mikono. Kwa hiyo akaongeza vidonge, akabadilisha vidonge, akasema kuna presha nyingine ni kaidi tu hazisikii chakula. Tulikuwa watatu tunahangaika na ugonjwa wako, na mmoja wetu alikuwa anajua.

Siku ile baada ya kuona kile kifuniko nilimchukia Padri. Nakuambia ukweli. Nilimwona amenona kwa miezi yote ile juu ya uhai wako. Nilimtoa nje, nikafunga mlango, nikaenda shambani nikapalilia ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, mpaka mikono ikafanya malengelenge, wakati palizi yenyewe haikuwa imefika. Niliporudi nilimkuta Benedikto amechuchumaa barazani, amechemsha yai, analimenya na kumkatia paka vipande. Benedikto huyo huyo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama na jembe begani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukata yai. "Paka hakumlazimisha mtu," alisema. Kisha akaniletea maji ya kunawa. Hajawahi kuniletea maji ya kunawa tangu anioe.

Nikasubiri siku ya soko, nimfuate Bi Tekla. Najua ni mwenzako tangu mkiwa wasichana, mlianika usipa kwenye chanja moja. Lakini chumvi nilikuwa nimeificha, kwenye nyumba hii haikuonekana, na mtu pekee aliyekuwa anaingia chumbani kwako kila wiki na kutoka bila kusachiwa ni yeye. Nilimkuta anapima usipa kwa kopo, wateja wamemzunguka. Nilimsalimia, maana hasira haiondoi shikamoo, kisha nikamwuliza mbele ya watu wote kama ndiye aliyekuwa anakuletea.

Hakukana. Alisema, "Aliniomba, nikampa. Chumvi hainyimwi." Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa bei. Nikamwambia chumvi hiyo imekuua. Wateja wakaacha kuchagua samaki. Akaweka kopo chini, akanivuta mkono mpaka nyuma ya magunia yake, akanikalisha, na yale aliyoniambia pale ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Alisema ulijaribu. Mwanzoni ulikula kile chakula, ukamwambia kinakukwama kooni, unakitafuna mpaka kinakuwa kama pamba na hakishuki. Siku moja ulibakiza zaidi ya nusu, nikaja kuchukua sahani, nikaitazama, nikaondoka bila kusema. Mimi siikumbuki siku hiyo. Wewe uliikumbuka ukamsimulia. Bi Tekla aliyasema maneno yako kwa sauti yako kabisa, mnafanana kuzungumza: "Sela akiona nimebakiza, uso wake unaanguka. Heri paka amalize, mtoto afurahi." Ukaanza kumwita Padri chini ya kitanda. Kisha tumbo likawa na njaa, na ugali mtupu haushuki, ndipo chumvi ikaingia. Ilianza kidogo.

Nikamwuliza Bi Tekla swali langu, lile lile ninalokuuliza. Alijifuta mikono kwenye kanga, akafikiri. Akasema kila siku ya soko, kabla hata hajakaa, ulikuwa unamwuliza kama wale samaki mbasa wameanza kutoka ziwani kupanda mtoni. "Mtu anayetaka kufa haulizi habari za mbasa," alisema. Akarudi kwa wateja wake.

Basi hukutaka kufa. Nilitembea nalo jibu hilo mpaka nyumbani nikitegemea litaniwia jepesi, na halikuwa jepesi. Ningejua ulichoka kuishi ningekusamehe kwa tabu, lakini ningekusamehe, kwa kuwa hilo lingekuwa lako peke yako. Hili tunalo wote wawili. Ulikuwa unataka kuishi, ulikuwa unangojea mbasa, na ukafa ili uso wangu usianguke. Mama, uso wangu tu? Ungeuacha uanguke. Ungeanguka jioni ile, ukainuka kesho yake. Wewe huinuki.

Ungesema tu, "Sela, chakula hiki kimenishinda." Ningepiga kelele kidogo, unanijua, halafu ningetafuta ndimu, ningetafuta pilipili, ningeuliza kwa watu. Nesi mwenyewe nilipomweleza baadaye alishika kichwa, akasema kuna ndimu, kuna tangawizi, kuna nyanya iliyoiva sana, angetueleza vizuri kama angejua kuwa huli. Hatukuwahi kumwuliza. Mimi niliona sahani tupu nikadhani mambo ni mazuri, na wewe uliona ninavyofurahi ukadhani hivyo hivyo. Tulikuwa tunatunzana, kila mtu upande wake wa mlango, na katikati yetu aliyekuwa anapata afya ni paka.

Mengine yote yanakwenda. Kahawa tumemaliza kuchuma, imeanikwa. Chumba chako nimekifagia chote sasa, mpaka chini ya kitanda, na kile kifuniko nimekiosha na kukihamishia barazani. Mahindi ya mbegu yamewekwa humo chumbani kwa sababu ndimo wasimofika panya, Padri analala mlangoni. Amerudi kunona, ila si sana, bwana mifugo alionya kwamba paka akinenepa kupita kiasi naye ni mgonjwa. Anakula usipa siku moja, yai siku nyingine, tukichinja kuku anapata fungu lake kabla halijatiwa viungo. Majirani wanasema nimerukwa na akili, eti Maguu nzima hakuna mtu wala paka anayekula kama huyu. Na panya anashika, tena wazima, anawaleta mpaka miguuni kwa Benedikto, naye anawaondoa kwa jembe bila kusema neno juu ya imani za kwao.

Lakini nilikuwa sijakuambia la mwisho. Nimeanza kuumwa kichwa, hapa nyuma, pale ulipokuwa unapashika wewe. Nilikwenda kwa nesi. Akanifunga kitambaa mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena, kama alivyokuwa anakufanyia wewe. Akasema ni ya ukoo. Alipoanza, "Samaki wa kuchemsha, mama," nilimwambia asiendelee, ninajua kupika hicho chakula kuliko mtu yeyote wilayani.

Leo nimechemsha usipa kwenye sufuria moja, nikagawa, sahani ya Padri na sahani yangu. Ndimu zimekwisha sokoni, nitazipata siku ya soko ijayo, kwa hiyo leo ilikuwa vile vile nilivyokuwa nakupikia. Sikuwahi kuonja, Mama. Mpishi huonja chumvi, na chumvi haikuwamo. Nilikaa, nikatia tonge la kwanza mdomoni.

Ni kibaya. Sikujua kuwa ni kibaya hivyo. Nilikaa nalo mdomoni, halishuki, machozi yananitoka na bado halishuki. Padri alikuwa amemaliza sahani yake. Akaja akakaa mbele yangu, akatazama sahani yangu, kisha akainua mguu mmoja akauweka juu ya goti langu taratibu, kwa heshima, anavyojua yeye. Hakulia. Alisubiri tu. Barazani hakukuwa na mtu, Benedikto alikuwa kwenye kahawa yake, na mimi nilikuwa na sahani iliyojaa, na nikaona ilivyo rahisi.

Pumzika, Mama. Hasira yangu haijaisha, lakini imekaa chini. Mbasa wakianza kupanda nitateremka kuja kusafisha pale ulipo, na nitakuambia wamepanda wangapi na wana ukubwa gani. Padri atakula anavyostahili mpaka uzee wake, nakuahidi. Na sahani yangu nitaimaliza mwenyewe. Festo akinikuta nimeshindwa, nitamwambia nimeshindwa, uso wake uanguke kama utaanguka. Leo niliutoa ule mguu gotini nikaendelea kula. Ilichukua muda mrefu, usipa wakapoa, lakini niliimaliza.

Mwanao,
Sela